Gari Tulilolitia Kalafati

Baba alipokufa gari lilikuwa bado halijatiwa magurudumu. Watu waliokuja mazikoni walilikuta bandani, chasisi tupu imekalia magogo ya mnazi, na bodi yake ya rangi ya chungwa imeegemezwa ukutani kama beseni kubwa lililooshwa likaachwa likauke. Wanaume walikosa pa kukaa, wengine wakakalia sanduku la mbao lililokuja na vyombo vyake. Mimi nilisimama mlangoni nikiliangalia lile sanduku, nikawaza kwamba ndani mna taa na zitavunjika. Hilo ndilo nililowaza siku anayozikwa babangu. Machozi hayakuja. Niliyangoja, na mimi kungoja sikujui, nikachoka, nikaenda uani kupepeta mchele na wanawake.

Tulikuwa tunakaa Malindi, mji wa kale, miaka ya themanini. Baba alikuwa makanika katika hoteli moja ya ufukweni. Mtaliano mmoja aliyekuwa akija kila mwaka alileta gari ndani ya sanduku, yaani gari la kujiundia mwenyewe nyumbani. Ndani mna bodi ya faiba, viti viwili, fremu ya kioo, taa, usukani, na kitabu cha maelezo cha Kiingereza. Yaliyobaki unayatafuta wewe. Unanunua gari kuukuu, lile dogo la mgongo wa kobe lenye injini nyuma, unalivua ule mgongo, unaikata chasisi ipungue urefu, unaiunga, kisha unalivisha bodi mpya. Linakuwa gari la wazi, halina paa wala milango, la kukimbia mchangani. Yule Mtaliano alifungua sanduku, akakitazama kitabu, akalifunga. Alipohama kabisa akamwachia baba.

Mtu mwingine angeliuza. Baba alisema atalimaliza ampeleke mama Takaungu.

Mama ni mzaliwa wa Takaungu, ng'ambo ya feri ya Kilifi. Bibi, mamake, alikuwa hai lakini macho yake yameisha, hawezi safari. Mama akiuliza, "Utanipeleka lini?" baba hujibu, "Gari likisimama." Alishaikata chasisi na kuiunga, na injini ameifunga. Siku moja kazini akasema kichwa kinamgonga, akalala kivulini ubavuni mwa lori la hoteli. Walipomwamsha ale, hakuamka.

Basi mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hajipaki hina wala wanja, hajitii manukato, hakutani na wanaume wa nje. Chumba chake kilikuwa na dirisha la nondo linalotazama banda la gari. Huko ndiko alikokaa, na leso yake nyeupe, na cherehani ambayo hakuigusa.

Siku ya kumsomea baba hitma, mjomba, kakake mama, alizungumza mbele ya watu kabla ya kupanda basi la kurudi Takaungu.

"Eda ikiisha nakuja kumchukua dadangu," alisema. "Mamake kipofu yuko kule, naye yuko huku, na hana tena wa kumpeleka hata kumwona. Hawa watoto wamekuwa watu wazima. Nyumba wataikodisha, kila mtu apate pa kukaa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga mizigo. Kaka yangu hakujibu, kwa sababu mjomba ni mjomba. Wageni walipoondoka alikwenda bandani, akaiangalia ile chasisi, kisha akaniita.

"Msomi, njoo. Kile kitabu unakifahamu?"

"Kiingereza chake chepesi."

"Basi utanisomea. Gari likitembea, mama atakwenda Takaungu asubuhi na jioni yuko hapa. Hahamishwi mtu."

Kaka yangu ni fundi wa mashua. Anaunda na kukarabati pale pwani, kazi aliyoianza tangu hajaota ndevu. Gari alijua kuliendesha, leseni alikuwa nayo, lakini kuliunda alikuwa hajui. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja majibu ya mtihani. Majibu yakawa hayaji, eda haiishi, machozi hayatoki. Angalau gari lilikuwa na la kufanya.

Tulianza. Asubuhi kaka anakwenda pwani, alasiri anarudi, tunafanya kazi mpaka magharibi. Mimi nilikaa juu ya sanduku na kitabu mapajani. Nilikuwa na haraka mno. Nilisoma ukurasa wa tatu huku namuuliza kama wa pili amemaliza.

"Sasa kinasema toboa matundu ya bolti kufuata vipimo hivi."

"Vipimo vya nini? Nipe bodi niiweke juu, nione panapokaa."

"Kaka, vipimo viko hapa, inchi kwa inchi."

"Mashua haina kitabu na inakwenda Lamu."

Akaiweka bodi juu ya chasisi, akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja. Akaisogeza kidogo kwa goti. Akafumba tena. Halafu akachukua keekee yake, ile ya upinde anayotobolea mbao, akaanza kutoboa faiba kwa kuuvuta ule upinde mbele na nyuma. Ilichukua siku nzima matundu machache. Mimi nilitaka kulia kwa hasira, hata hivyo sikulia.

Kutoka dirishani mama akauliza, "Nyinyi mwaunda gari au mwaunda jahazi?"

"Gari, mama."

"Mbona mlio ni wa jahazi?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno ambalo si la chakula au la sala. Kaka alinitazama. Mimi nikageuza ukurasa.

Kila siku mama alikuwa akituuliza jambo kupitia zile nondo. Viti vimekaa? Taa zinawaka? Usukani upo upande gani? Kwa kuwa lile sanduku lilitoka Ulaya, usukani ulikuwa wa kushoto, ikabidi tuuhamishie kulia kwa kutumia vyuma vya lile gari kuukuu. Kazi hiyo ilitula wiki kadhaa. Vidole vyangu vilikuwa na majeraha madogo madogo na sikuyasikia. Jioni nikinawa ndiyo naona damu kwenye maji. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi akaambiwa angoje, halafu daktari akaenda zake.

Nyuma ya viti viwili kaka aliweka ubao wa kukalia, ndio kiti changu, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama ndani ya bakuli.

Ndipo tukafika kwenye sakafu. Bodi ilikuwa na matundu sakafuni, mbele na nyuma, kila moja linapitisha kidole. Si ya bolti, kwa sababu bolti zote zilikuwa na namba zao. Nilikipekua kitabu. Kwenye picha matundu yalikuwepo, maelezo hayakuwepo.

"Ya nini haya?" kaka akauliza.

"Kitabu hakisemi."

Akaingiza kidole kimoja, akakitikisa kwa upande wa chini. "Wamesahau kuziba."

"Wazungu nao husahau?"

"Kwani wao malaika? Angalia. Masika barabara ya Kilifi inajaa maji. Ukipita na hili, maji yote yanapanda humu, mama miguu yake imo majini. Chombo hakiachwi tundu chini hata siku moja."

Nilikubali. Nilikubali kwa furaha, kama furaha ndiyo ile, kwamba kitabu kimekosea na sisi tumekiona. Kaka alileta pamba na mafuta ya papa kutoka pwani, akayatia kalafati yale matundu moja moja, anaipigilia pamba kwa patasi butu taratibu, tap tap tap, kama anavyofanya kwenye mbavu za mashua. Juu yake akapaka lami. Banda lote likanuka papa. Penye kila kiungo cha bodi akapaka pia. Alipomaliza alimwaga kata ya maji sakafuni kujaribu. Hata tone halikupita.

"Mama," akaita, "hili hata baharini linaingia."

"Litaingia baharini wakati mimi nataka Takaungu?" mama akajibu. Nikamsikia akicheka kidogo, pumzi tu kupitia puani.

Injini iliwaka wiki ya mwisho wa eda. Ilipiga kelele, ikatoa moshi, majirani wakaja kuchungulia. Jirani mmoja mwenye duka alisema, "Kiti cha tatu hiki cha nani, cha mbuzi?" Kaka akamwambia, "Cha mwanasheria wangu." Tulifunga namba za lile gari kuukuu. Siku ya kuamkia kutoka eda, jioni, tulilisukuma gari nje ya banda, tukaliegesha uani mbele ya mlango ili mama akitoka jambo la kwanza alione. Mbingu ilikuwa safi. Kaka alilipangusa kwa kitambaa, akanitazama, akasema, "Kesho mjomba akija atakuta tumeshaondoka."

Usiku mvua ilinyesha. Niliisikia nikageuka upande wa pili. Masika ni masika, mvua hunyesha.

Alfajiri kaka ndiye aliyetangulia kutoka.  Nilipotoka nilimkuta amesimama na mikono kiunoni. Gari lilikuwa limejaa maji. Si kidogo. Yalifika juu ya viti, yametulia, na juu yake jani la mwembe linaelea. Gari la wazi, halina paa, na chini tumeliziba sisi wenyewe. Betri ya gari la namna ile hukaa chini nyuma, chini ya ule ubao wangu. Ilikuwa imezama yote, pamoja na waya zote alizozifunga baba.

"Ndiyo kazi yake," kaka akasema hatimaye. "Yale matundu. Ya kutolea."

Nilisema ndiyo. Nilichukua ndoo nikaanza kuteka.

Wanawake walikuwa ndani wanamwogesha mama. Moshi wa udi ulitoka dirishani. Mjomba alifika na pikapu ya kukodi kabla hatujafika hata nusu ya maji.

"Shikamoo mjomba," tukasema pamoja, mimi na ndoo mkononi.

"Marahaba. Hiki ni nini? Mnafuga samaki?"

 Mjomba alilizunguka gari, akachovya kidole, akakinusa. "Papa," akasema. Halafu akamwangalia kaka kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyokuwa mbaya. "Umejitahidi, mwanangu. Mwite mamako, njia ni mbovu, tuiwahi feri."

Mama akatoka. Alikuwa amevaa nguo mpya, hina mikononi, wanja machoni. Sikuwa nimemwona kwenye mwanga wa jua tangu siku ya maziko. Alikuwa amekonda. Alisimama kizingitini akalitazama gari, akayatazama maji, akanitazama mimi na ndoo.

"Dada, mizigo yako iko wapi?" mjomba akauliza.

Mama alivua viatu. Akaipandisha buibui mpaka magotini, akaweka mguu ubavuni mwa gari, akaingia. Akakaa kwenye kiti cha mbele, maji yakamfika mapajani, yakamwagika kidogo pembeni.

"Ala! Dada!"

"Kaka, rudi salama," mama akasema. "Mimi nitakuja na gari la mume wangu."

"Hili beseni?"

"Hili hili."

"Lini?"

"Likisimama."

Mjomba alingoja, akamngoja abadilishe neno, hakubadilisha. Ikabidi aondoke na pikapu tupu. Kaka aligeuza uso kuelekea ukutani akawa kama anatafuta kitu. Mimi nilijua kwamba tumeshinda, kwamba mama anabaki. Nilijua tu kichwani, kama unavyojua kuwa leo ni Jumanne.

Mama alipotoka garini kaka alilala chini ya gari na keekee. Alikaa huko muda mrefu kabla sijausikia upinde. Tundu la kwanza lilipofunguka maji yalimwagika yote juu ya kifua chake, wala hakusogea.

Kukausha kulichukua muda. Tulizitoa waya, tukazianika kwenye kamba ya nguo baina ya leso. Betri tuliibadilisha. Mama sasa alikuwa akija bandani mwenyewe, anakaa juu ya sanduku, mimi nasoma kitabu na yeye anatwanga maswali. Siku hizo zilikuwa nzuri, nadhani. Majibu ya mtihani yalitoka wakati huo, nilipita. Mama aliniombea dua ndefu, nikaitikia amina, nikarudi kwenye waya.

Siku ya kwenda, kaka alipakia vikapu. Mama alitoka na nguo zake, na mswala wake, na kibia chake cha kupikia mikate, kisha akarudi ndani akatoka na cherehani.

"Mama, cherehani pia?" nikauliza.

"Bibi yako ana nguo za kushona."

Mtu wa kwenda asubuhi na kurudi jioni habebi cherehani. Niliona hivyo. Niliipakata tu huko nyuma kwenye ubao wangu, chuma chake baridi juu ya mapaja, kaka akawasha gari.

Lilikwenda. Nataka kuliandika hilo kwa sababu ni kweli, lilikwenda vizuri. Pale Gede polisi alitusimamisha, akalizunguka gari mara mbili.

"Hili lilitengenezwa wapi?"

"Malindi," kaka akasema.

"Malindi kuna kiwanda cha magari?"

"Kipo," mama akamwambia. "Chini ya dirisha langu." Polisi akacheka akaturuhusu.

Tulivuka feri bila tatizo, tukafika Takaungu adhuhuri. Bibi aliletwa mlangoni akishikwa mkono. Alilipapasa gari kuanzia taa mpaka nyuma, polepole.

"Mashua hii?"

"Gari, mama," mama akasema. "La mkweo."

"Halina mlango?"

"Halina."

"Basi aliyemo hazuiwi kutoka," bibi akasema, na watu wakacheka.

Ikawa tumechelewa, tukalala. Asubuhi kaka aliwasha injini ipate moto. Mama alitoka na leso za nyumbani, hana buibui. Nyuma yake, dirishani mwa bibi, niliiona cherehani imeshawekwa juu ya meza, na uzi umeshatungwa.

"Nyinyi tangulieni kabla ya mvua," akasema.

"Twakungoja uvae," kaka akasema.

"Mimi nimefika, mwanangu."

Kaka hakuelewa, au hakutaka. "Mama, gari si hili? Si ulimwambia mjomba?"

"Nilimwambia nitakuja na gari la mume wangu. Nimekuja nalo." Akaweka mkono juu ya fremu ya kioo, akaipapasa kama bibi. "Sikutaka kubebwa. Basi. Kule nyumbani nikiamka naliona lile banda. Nyumba msiikodishe, kaeni nyinyi. Na nyinyi sasa mna gari, mtakuja."

Mjomba alikuwa amesimama kando na kikombe cha chai. Alikipuliza, akanywa. 

Mama alinibusu kichwani. Alinuka udi na sabuni. Nilingoja kitu kinijie kifuani, hakikuja. Nikamwambia, "Haya mama, tutakuja Ijumaa," nikapanda nyuma.

Kaka aliendesha mpaka Mnarani. Tulikuwa katikati ya feri mvua iliposhuka, kubwa, yote kwa pamoja. Watu wa miguu walikimbilia pembeni kujibanza. Sisi hatukuwa na pa kwenda, tulikaa ndani tukalowa. Maji yalianza kujaa sakafuni, halafu yakaanza kutoka kwa yale matundu, yanamwagika chini ya gari mkondo baada ya mkondo.

"Wee dereva!" mtu mmoja akapiga kelele. "Gari lako lavuja!"

"Ndivyo linavyotakiwa," kaka akamjibu, bila kugeuka.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Maji yalikusanyika pale alipokalia mama, yakafika ukingoni, yakateremka. Kaka hakuniambia nihamie mbele. Nilibaki juu ya ubao wangu, mapaja bado yana alama ya cherehani, nikiangalia kiti kinajaa na kumwaga, kinajaa na kumwaga, mpaka feri ikagonga upande wa Kilifi na wakaanza kutupungia mkono tushuke.